Uzi wa Pembe ya Pili

Asubuhi kwetu huanza kwa ugomvi wa sweta. Mdogo wangu wa kiume ana miaka mitano, na mama humwita Bwana Mkubwa kwa sababu ya amri anazozitoa humo ndani.

"Dada, hili si langu," alisema Jumatatu ile, amesimama juu ya kitanda, mikono ya sweta imempita mpaka magotini.

"Leo ni lako. Vaa twende."

"Langu lina harufu yangu."

"Na hili litakuwa nayo tukifika barabarani. Haya, lete mguu, nikufunge kiatu!"

Niseme ukweli, nilikuwa nimechoka. Nilikuwa na miaka kumi na miwili tu, lakini nilikuwa nimechoka kama mtu wa hamsini. Mama hutoka nyumbani alfajiri kwenda kwenye duka la dobi anakofanya kazi, maana mashuka ya wageni wa hoteli lazima yawe yamefuliwa na kupigwa pasi kabla ya saa nne. Kwa hiyo kumwamsha Bwana Mkubwa ni mimi. Kumwosha uso ni mimi, kumnywesha chai ni mimi, kumburuta mpaka chekechea ni mimi. Kisha nakimbia shuleni kwetu, na mchana namrudia. Tunakwenda kwa dobi kumngoja mama mpaka jioni. Kesho yake tunaanza upya.

Chekechea ilikuwa na walimu wawili kwa watoto ishirini na wanane. Mmoja tulimwita Mwalimu Miwani, mama wa makamo ambaye miwani yake ilifungwa kamba ya kiatu. Mwingine ni Mwalimu Mdogo. Huyo alikuwa mdogo wa cheo, kwa umbo alikuwa anajaza mlango.

Ukitaka kuona mateso, fika pale saa ya watoto kwenda nyumbani. Masweta ishirini na manane, yote ya bluu, yote kutoka duka moja, yamerundikwa ndani ya kapu moja. Watoto wenyewe hawajui kusoma. Majina yaliyoandikwa kwa kalamu yalishafutika kwa kufuliwa. Huyu analia, yule anavuta, wa tatu amevaa mawili. Siku moja nilimkuta Mwalimu Miwani akinusa sweta shingoni ili ajue ni la nani. Katika muhula mzima sikuwahi kumwona mwalimu yule amekaa.

Basi, Jumatatu hiyohiyo Redio akaniwahi getini. Redio ni mwanafunzi mwenzangu, na jina hilo alipewa na darasa zima kwa sababu habari hazimkai tumboni. Mdogo wake alikuwa darasa moja na Bwana Mkubwa.

"Umesikia?" akaanza. "Ijumaa wanafunga muhula. Kila mtoto anapeleka zawadi ya kuwashukuru walimu. Sisi tunapeleka seti ya sahani, zina maua ya dhahabu pembeni. Kuna wengine wanapeleka chupa ya chai, ile kubwa. Nyinyi je?"

"Tutaona."

"Tutaona ndiyo zawadi gani? Inafungwa kwenye karatasi?"

Wenzetu wawili waliokuwa wakipita wakaangua kicheko. Mimi nilicheka pia, cha kujikaza. Lakini moyoni nilichukia, na siku nzima nilikuwa nikiona maua ya dhahabu kwenye ubao.

Jioni nilimweleza mama. Alikuwa amekaa kitako, miguu ndani ya beseni la maji ya vuguvugu yenye chumvi, kama kila siku. Alitia mkono kwenye mfuko wa aproni akatoa sarafu.

"Hizi ndizo zilizopo, mwanangu. Tafuta kitu kidogo kizuri. Walimu wale ni watu. Siku ukichelewa kumfuata mdogo wako wanabaki naye bila kununa."

Kesho yake nilizunguka maduka matatu. Muuza duka wa mwisho alizitazama sarafu zangu kwa huruma.

"Hizo zinatosha sabuni mbili za kuogea."

"Nimpe mwalimu sabuni? Si atadhani namwambia ananuka?"

"Basi chukua kikombe." Akanionyesha kikombe kilichoandikwa *Mwalimu Bora*, mkono wake umekaa upande. "Hivi vinatoka sana."

Nilikitazama kikombe kile, nikazikumbuka sahani za kina Redio, nikaondoka mikono mitupu.

Sasa niwaeleze kazi ya dobi, maana hapo ndipo nilipoharibu. Kila mteja wa pale ana uzi wake. Huyu ana uzi wa kijani, mishono miwili. Yule ana mweusi, mshono mmoja. Nguo ikipokelewa, mama huitia alama hiyo kwenye pindo, kwa ndani, isionekane. Hata ikichanganyika na nguo mia, mwenyewe hujulikana. Nyuzi zote zimeandikwa kwenye daftari, lakini mama halifungui. Anazijua kichwani.

Na nyuma ya duka kuna rafu inayoitwa Rafu ya Waliosahau. Hapo hukaa nguo ambazo wenyewe hawajazifuata kwa miezi. Juu kabisa kulikuwa na kitambaa cha meza, cheupe, kimedariziwa maua pande zote kwa mkono. Tangu mwaka uanze nilikuwa nakiona palepale. Jumanne hiyo nilikitazama kwa macho mengine.

Mama alikuwa kwenye pasi ya mvuke, haoni wala hasikii. Tajiri, mwenye duka, alikuwa mlangoni akibishana na mtu aliyeleta sabuni pungufu. Bwana Mkubwa amelala juu ya furushi la mashuka. Nilipanda stuli, nikakishusha, nikatafuta pembe yenye alama. Uzi mwekundu, mishono mitatu. Niliufumua kwa sindano, nikakikunja kitambaa, nikakisukumia chini ya madaftari yangu.

Nilijiambia sikuiba, nimeokota. Lakini anayeokota hatazami mlangoni mara mbili, na mimi nilitazama mara nne.

Jumatano nilikipeleka mapema, siku mbili kabla ya wengine. Nilitaka kiwe cha kwanza. Sarafu za mama zilikuwa bado mfukoni. Nilipanga kumwambia kwamba nimekipata kwa bei ya kutupa. Mwalimu Mdogo alikifungua pale pale.

"Jamani! Mwalimu, hebu njoo uone! Cha meza yetu!"

Mwalimu Miwani akaja, mtoto mmoja amemshika sketi. Alikipapasa kitambaa pindoni, pembe moja, ya pili, ya tatu. Pale akasita. Akanitazama kwa juu ya miwani.

"Mama ndiye aliyekutuma?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Haya." Alikikunja taratibu, akakitia kwenye droo, akafunga.

Nilikimbia shuleni nikijiona mshindi. Nilimpita Redio hata sikumsalimia.

Mchana, tulipofika kwa dobi, nilimkuta mama mmoja mtu mzima amekaa kwenye benchi la wateja, mkoba mapajani. Mama yangu alikuwa na uso mkunjufu, jambo ambalo halitokei sana saa nane mchana.

"Nimefurahi umekuja, dada," alimwambia. "Nilikupigia mara tano, nikasema huenda namba umebadili."

Sikujua. Kumbe kila akipata nafasi mama alikuwa akiwapigia waliosahau, mmoja mmoja, kwa simu yake mwenyewe.

"Nilikuwa nauguza," alisema yule mama. "Miezi saba, sikukumbuka hata jina langu. Kile kitambaa alikidarizi dada yangu. Siku hizi mikono yake haishiki tena sindano, kwa hiyo hakitapatikana kingine."

Mama akapanda stuli. Akapapasa rafu. Akashuka, akavuta furushi la kwanza, la pili, la kumi. Alipekua vikapu vya nguo chafu, akapekua safi, akainama chini ya mashine na mgongo wake ule unaomuuma. Jasho lilimtiririka. Mimi nilikuwa nimefungua daftari la hesabu na sikuona hata tarakimu moja.

Tajiri alikuja kusimama mikono kiunoni. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Funguo za duka hili ninazo mimi na wewe," alimwambia mama. "Miaka sita sijawahi kukuuliza kitu. Sasa nakuuliza. Kitambaa kiko wapi?"

"Sijui, tajiri. Wallahi sijui."

"Basi kesho saa tano huyu mama anarudi. Kisipokuwepo, funguo uniachie hapa mezani."

Njiani mama alimshika Bwana Mkubwa mkono. Alitembea polepole, akisimama kila baada ya hatua chache, na Bwana Mkubwa kwa mara ya kwanza hakutoa amri yoyote. Tulipofika nyumbani, mama aliketi mlangoni bila kuvua viatu.

"Labda nimezeeka," alisema. "Labda nilimpa mteja mwingine nikasahau. Kichwa changu nacho kimeanza kunitupa."

Hapo sikuweza tena. Mama kushukiwa na Tajiri ilikuwa mbaya. Lakini mama kujishuku mwenyewe, jamani, sikuweza. Nililia kabla sijasema, nikasema huku nalia, na nikaeleza yote, sahani za maua ya dhahabu, uzi mwekundu, stuli, droo ya mwalimu. Nikatoa sarafu zake nikaziweka sakafuni.

Aliziokota sarafu, akanirudishia mkononi. Nilingoja kofi, nikaona halitoshi.

"Sina nguvu za kugomba leo," alisema mwishowe. "Kesho utakwenda kukichukua. Utakwenda wewe, si mimi. Kisha utakileta dukani na utasema mbele ya wote wawili, tajiri na mwenye kitambaa. Sasa niletee beseni langu."

Nilimletea. Usingizi wa usiku ule siukumbuki.

Alhamisi asubuhi nilisimama mbele ya Mwalimu Miwani, maneno niliyoyapanga yote yamenitoroka.

"Mwalimu, kile kitambaa si chetu. Mama hakunituma. Nilikichukua kwa dobi na mwenyewe amekuja."

Wala hakushtuka. Alifungua droo, akakitoa, akanionyesha pembe ya pili yenye alama, iliyo mkabala na ile niliyoifumua. Uzi mwekundu, mishono mitatu, imekaa pale inanitazama.

"Mimi nafulisha mashuka yangu kwa mama yako," alisema. "Vitu vikubwa huvitia alama pembe mbili. Hukujua?"

Nilijua! Nimemwona mama akifanya hivyo tangu sijaanza shule. Pupa ndiyo iliyonifumba macho.

"Jana ulipoondoka nilijua kuna jambo. Nilikupa mpaka leo uje mwenyewe. Usingekuja, jioni ningekwenda kwa mama yako." Akashusha pumzi. "Mtoto wewe, nani alikuambia tunataka kitambaa cha meza? Njoo uone."

Alifungua kabati. Loo! Vikombe. Vikombe juu ya vikombe, vimepangwa mpaka juu, vingine bado vimo kwenye karatasi zake. *Mwalimu Bora, Mwalimu Bora, Mwalimu Bora.*

"Kumi na tisa," alisema Mwalimu Mdogo kutoka kule mlangoni alikokuwa akimfuta mtoto kamasi. "Na sisi tuko wawili. Hata tungekunywa chai kwa mikono yote miwili, vingebaki!"

Nilicheka, na Mwalimu Miwani naye akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka. Nyuma yake lile kapu la masweta lilikuwa limeshaanza kujaa.

Saa tano, kwa dobi, hakukuwa na cha kuchekesha. Nilisema mbele ya Tajiri na yule mama mwenye kitambaa, mama yangu amesimama karibu na pasi bila kunisaidia. Mwenye kitambaa alikipokea, akakipeleka puani, akafumba macho.

"Kimerudi," alisema. "Mimi nimekusamehe. Lakini mama yako jana alilala vibaya kwa kushukiwa bure, na mzigo huo ni wako."

Tajiri alimgeukia mama. Alikuna kichwa. Alikohoa.

"Funguo zako baki nazo," alisema. "Na jana… jana nilisema sana." Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe likizo nzima utakunja soksi za wageni wa hoteli. Hakuna anayependa kukunja soksi za hoteli. Utajua kwa nini."

"Ndiyo, tajiri." Nikaona niseme lote nililokuja nalo. "Na… naomba kitu. Naomba kwanza, sichukui. Yale mabaki ya nyuzi kwenye kopo, yale yanayotupwa."

"Ya nini?"

Nikamweleza. Mama akaacha pasi kunisikiliza. Tajiri alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali la hesabu, kisha akaenda mwenyewe kulileta kopo.

Siku hiyo shuleni kwetu tulikuwa tumefanya mtihani wa mwisho asubuhi, tukaachiwa kabla ya saa tano. Kwa zile sarafu nilinunua sindano mbili, zikabaki. Kufika saa sita nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha mtoto wa miaka minne, magoti kidevuni, kapu la masweta mbele yangu. Mtoto hajui kusoma, lakini rangi anazijua, na kuhesabu mpaka tatu anajua. Kwa hiyo kila mtoto alipata uzi wake, kwenye pindo la mkono wa kushoto ambapo anaweza kuuona mwenyewe. Mwekundu, mshono mmoja. Mwekundu, mishono miwili. Kijani, mitatu. Mwalimu Mdogo aliwaita mmoja mmoja waje kujaribu masweta mpaka kila moja likajulikana ni la nani, na kila mtoto akafundishwa uzi wake.

Lilipofika la nane vidole vilikuwa vimeanza kuuma. La kumi na mbili nilijidunga. Hapo Redio akatokea kumfuata mdogo wake.

"Unafanya nini?"

Nilikuwa tayari kwa kicheko. "Nashona zawadi yetu."

Aliokota sweta, akatazama uzi, akamwita mdogo wake akamuuliza ni la nani. Yule mtoto akahesabu kwa kidole, "moja, mbili, bluu ya mbinguni, langu!" akalivaa akaenda zake. Redio alinyamaza. Nawaambia Redio alinyamaza! Kisha akavuta kiti kingine kidogo.

"Nipe sindano moja," alisema. "Hizo sahani zetu sijui hata watazitia nini."

Watoto ambao masweta yao yalikuwa hayajashonwa waliyaacha hapo wakaenda nyumbani. Mama alikuja jioni kutoka kazini, miguu imevimba, akamalizia manne ya mwisho amesimama. Alisema akikaa hatainuka tena.

Ijumaa wazazi walikuja na vifurushi vyao. Seti ya sahani ilikuwepo, chupa ya chai ilikuwepo, na vikombe vipya vitatu. Walimu walivipokea vyote kwa shukrani, kila mmoja kwa adabu yake. Sisi hatukuwa na cha kuweka mezani. Nilisimama ukutani na mama, aliyepewa ruhusa ya saa moja na Tajiri, nikijiambia basi, yameisha.

Kisha ikafika saa ya kwenda nyumbani. Kapu likaletwa katikati.

Watoto wakalivamia kama kawaida, na walimu wote wawili wakajiandaa, mikono mbele. Lakini hakukuwa na vita. Kila mmoja alishika mkono wa sweta, akatazama, akahesabu. "Si langu, shika. Hili langu!" Bwana Mkubwa alivaa la kwake, lililomkaa sawasawa, akatembea mpaka kwangu kifua mbele.

"Manjano moja," alitangaza. "Lina harufu yangu na lina uzi wangu. Twende."

Kapu lilikuwa tupu na mtoto mmoja tu ndiye aliyekuwa akilia, naye alikuwa ameuma ulimi.

Mwalimu Miwani alitazama kushoto, akatazama kulia. Hakuwa na la kufanya. Alivuta kiti, kimoja cha vile vidogo, akakaa. Miguu akainyoosha mbele, akavua viatu, na mimi nikaiona miguu yake. Ilikuwa imevimba kama ya mama.

"Mama," alimwambia mama yangu, "huyu binti yako aliniletea kitu kizuri kisicho chake, nikakosa amani siku nzima. Kisha ameniletea mabaki ya nyuzi, na leo nimekaa." Akaniashiria nisogee. "Sikiliza, mwanangu, na umwambie na yule rafiki yako mwenye kelele. Ukitaka kumshukuru mtu, usianze kutazama wenzako wameleta nini. Mtazame yeye. Tazama kinachomchosha. Ukiweza kumpunguzia hicho kwa kilicho chako, hata kikiwa kidogo namna gani, umemshukuru. Kilicho cha mwingine hakishukuru mtu, hata kikidariziwa vipi."

"Ndiyo, mwalimu."

"Haya, nendeni salama." Akaegemeza kichwa ukutani na kuvua miwani. "Mimi niacheni nikae kidogo."

Tulipotoka, mama alinipokonya mkoba wangu akaubeba yeye. Nilikataa, akasema ninyamaze. Tulipofika nyumbani nilichemsha maji bila kuagizwa, nikatia chumvi, nikamwekea beseni lake mlangoni.